Je, Wajua? Valvu Inayofanya Kazi ya Gia Ndani ya Silinda

Je, wajua kwamba jetiski ya kusimama haina gia hata moja? Injini imeungwa moja kwa moja na impela, pangaboi fupi lililomo ndani ya pampu chini ya chombo. Dereva wa pikipiki akielemewa mlimani hushusha gia, safari ikaendelea. Huyu wa majini ana wenzo wa mafuta tu. Injini ileile inatakiwa imnyanyue akiwa bado nusu yake imo majini, kisha impeleke mbio ikizunguka zaidi ya mara 6,000 kwa dakika. Pampu nayo haina huruma: ukitaka izunguke kwa kasi mara mbili, inadai nguvu mara nane. Ndiyo maana mafundi wanaoziongezea nguvu jetiski hizi bado wanasaka silinda za zamani zenye valvu ya nguvu, vipande vya aluminiamu ambavyo asiyejua angeviuza kwa kilo pamoja na vyuma chakavu.

Tuanze na tundu. Injini ya mipigo miwili, ya ukoo mmoja na mashine za boti ambazo wavuvi wa mwambao wetu huzichanganyia oili na petroli, haina valvu kichwani wala kamshafti. Ina matundu kwenye ukuta wa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafunika na kuyafunua ikipanda na kushuka. Ukingo wa juu wa tundu la ekzosi unaamua tabia nzima ya injini. Ukiwa juu, pistoni hulifunua mapema, moshi hutoka haraka na injini hupumua vizuri ikiwa kwenye kasi kubwa. Ukiwa chini, mlipuko huisukuma pistoni kwa safari ndefu zaidi kabla moshi haujaachiliwa, na nguvu hupatikana kwenye mzunguko mdogo. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 10, na tundu la ekzosi hukaa wazi takribani nusu ya muda huo. Ikishuka hadi 3,000, tundu lilelile hukaa wazi maradufu, na petroli mbichi hupata nafasi ya kutoroka kabla ya kuungua. Anayechonga tundu lisilobadilika analazimika kuchagua upande mmoja na kuukosa mwingine.

Valvu ya nguvu ilikuja kuvunja ulazima huo. Ni kipande cha chuma kinachokaa kwenye mdomo wa ekzosi na kuusogeza ule ukingo wa juu: injini ikienda polepole kinashuka, ikikimbia kinapanda.

Lakini kabla ya valvu hiyo watu walifanyaje? Walirundika gia. Suzuki ilitengeneza pikipiki ya mashindano ya cc 50 yenye gia 14, naam, kumi na nne, kwa sababu injini yake ya mwaka 1967 ilikuwa na nguvu katika kipande chembamba tu cha mizunguko, huko juu kwenye 17,000 kwa dakika. Ikitoka hapo kidogo, inakufa. Mpandaji alikuwa akibadilisha gia bila kupumzika, mpaka shirikisho la mchezo huo likaweka kikomo cha gia sita. Ukiikumbuka pikipiki hiyo, utaelewa mara moja ugumu wa kuitumia injini ya aina hiyo kwenye chombo kisicho na gia kabisa.

Na ukali ule ulitoka wapi? Hapa historia inatupeleka Zschopau, Ujerumani Mashariki, kwenye kiwanda cha MZ. Mhandisi Walter Kaaden, ambaye wakati wa vita alifanya kazi Peenemünde, kituo cha makombora, aliichunguza sauti inayosafiri ndani ya bomba la ekzosi. Moshi unapotoka kwa kishindo hutanguliwa na wimbi la mgandamizo. Bomba likipanuka kuwa tumbo, wimbi hurudisha nyuma mvuto unaosaidia kufyonza moshi. Likibanwa tena mwishoni, wimbi hurudi na msukumo unaoirudisha silindani ile petroli mbichi iliyokwisha kuponyoka. Yote haya bila kipuri chochote kinachotembea. Mwaka 1961 injini ya MZ ya cc 125 ilikuwa ikitoa nguvu ya farasi 25, yaani farasi 200 kwa kila lita, kiwango ambacho wengi hawakuamini kingewezekana bila turbo.

Siri hiyo haikukaa Zschopau. Septemba 1961, kwenye mashindano ya Sweden huko Kristianstad, mpandaji wa MZ Ernst Degner alikuwa karibu kabisa kutwaa ubingwa wa dunia. Injini yake iliharibika njiani, naye akaondoka na siri hiyo, akakimbilia Magharibi. Mkewe na watoto wao walivushwa mpakani wamefichwa kwenye buti la gari. Mwaka uliofuata Degner alishinda ubingwa wa dunia wa cc 50 akiwa na Suzuki, kampuni ambayo haikuwahi kupata taji kama hilo kabla yake. Leo kwenye uwanja wa Suzuka, Japani, kuna kona yenye jina lake. Mimi humhurumia Kaaden kuliko wote katika kisa hiki: kazi ya maisha yake iliwatajirisha watu wa upande mwingine wa dunia, naye akabaki palepale akiendelea kuchora mabomba.

Yamaha ndiyo iliyolitia tundu mlango. Mwaka 1977 iliiwekea pikipiki yake ya Grand Prix ya cc 500 gogo dogo la chuma linalozunguka juu ya tundu la ekzosi, mfumo uliokuja kuitwa YPVS, na mwaka 1978 Mmarekani Kenny Roberts akatwaa ubingwa wa dunia juu yake. Miaka ya 1980 kila kampuni ikaja na dawa yake. Kawasaki ilikuwa na KIPS. Honda, kwa mfumo wa ATAC, haikugusa urefu wa tundu. Ilifungua chumba cha pembeni ili bomba lijione refu zaidi kwenye mizunguko midogo. Rotax ya Austria ilitumia bapa linalopanda na kushuka, likiendeshwa na msukumo wa moshi wenyewe dhidi ya springi. Hakuna waya wala mota. Injini inajifungulia yenyewe inapofika kasi inayostahili, na kwa mizani yangu huo ndio ubunifu mzuri kuliko yote.

Je, wajua kwamba jetiski inaweza kubadili urefu wa ekzosi yake kwa kutumia maji? Mwendo wa sauti hutegemea joto. Kwenye hewa ya nyuzi 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 300 hufika kama 480. Kwenye nyuzi 600 hukaribia 590. Kwa hiyo fundi hurushia maji ndani ya bomba: moshi unapoa, wimbi linachelewa kurudi, na bomba linafanya kazi kana kwamba limerefushwa, jambo linalosaidia mwanzo wa mwendo. Kasi ikipanda, maji yanapunguzwa, bomba linapata moto na kujifanya fupi. Ukiunganisha maji hayo na valvu ya nguvu, umepata vitu viwili vya kubadilika kwenye chombo ambacho kilizaliwa bila chochote cha kubadilisha.

Chombo chenyewe kilianzishwa na Mmarekani Clayton Jacobson II, mpenzi wa motokrosi aliyechoka kuangukia ardhi ngumu. Kawasaki ilitoa JS400 yake mwaka 1973. Yamaha ikafuata na Super Jet mwaka 1990, injini ya cc 633, na baadaye cc 701 iliyopatikana kwa kutanua kipenyo cha silinda kutoka milimita 77 hadi 81 huku mwendo wa pistoni ukibaki milimita 68. Cha kushangaza ni kwamba hizi za kusimama, zilizohitaji valvu kuliko zote, kwa kawaida hazikutoka nayo kiwandani. Valvu zilikwenda kwenye vyombo vya kukaa: Sea-Doo za Rotax za katikati ya miaka ya 1990, na Yamaha GP1200R ya mwaka 2000. Wa kusimama walijitafutia kwa kuhamisha injini nzima, au kwa silinda maalumu zilizotengenezwa na warsha ndogo za vipuri vya mashindano.

Silinda kama hiyo ikiwa mkononi, usiangalie kung'aa kwake. Toa bapa la valvu. Mara nyingi litakuwa limevaa ganda jeusi la masizi na oili, na kama halitelezi kwa kidole kwenye mfereji wake, injini ilikuwa ikifanya kazi huku valvu imekwama. Ganda hilo huloweshwa na kusuguliwa kwa brashi ya shaba, kwa sababu ya chuma itakwaruza. Kisha pitisha ukucha kwenye kingo za mfereji ndani ya silinda: pakimeguka hapo, ringi za pistoni zitanasa. Hakikisha pia bapa haliwezi kushuka kupita mpaka wake, maana likigusana na pistoni, kinachovunjika si valvu peke yake. Silinda nyingine zimepakwa Nikasil, tabaka la nikeli lenye chembe za silikoni kabidi ambalo Mahle ya Ujerumani ililibuni miaka ya 1960 kwa ajili ya injini za Wankel. Hizo hazitanuliwi kiholela. Tabaka likiisha, hupakwa upya na mtaalamu.

Silinda mpya za mipigo miwili hazitegemewi kumiminika tena. Marekani ilianza kubana moshi wa injini za majini kwa kanuni za mwaka 1996, na Ziwa Tahoe likapiga marufuku injini za kabureta za mipigo miwili kuanzia Juni 1999. Super Jet ilishikilia mipigo miwili hadi modeli ya 2020. Ya 2021 ilikuja na injini ya mipigo minne ya cc 1,049, yenye valvu zake kichwani na tundu la ekzosi lisilopitiwa na pistoni hata kidogo.