Je, Wajua? Windows 11 Hujitaja kwa Namba 10

Je, wajua kwamba kompyuta yenye Windows 11, ukiiuliza toleo lake kwa maandishi, haitaji 11? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Kwenye dirisha jeusi litakalofunguka, andika herufi tatu tu: ver. Namba kwenye jibu itaanza na 10.0, sawasawa na ya Windows 10. Ukweli umo kwenye tarakimu zinazofuata. Windows 10 iliishia 19045. Ukiona 22000 au zaidi, hiyo ni 11.

Desturi hii ni ya zamani. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, ndani yake hujiita 6.1, mdogo wa Windows Vista, aliyekuwa 6.0. Sababu ni programu za wakati huo: nyingi ziliandikwa zikague kwanza namba ya mfumo, na zikikuta ngeni, zinagoma kufanya kazi. Microsoft wakaona heri namba ya dukani ipande na ya ndani itulie.

Linux nayo imepitia hayo hayo. Mwaka 2011 mwanzilishi wake, Linus Torvalds, alikipandisha kiini (kernel) cha mfumo huo kutoka 2.6.39 hadi 3.0, bila mageuzi yoyote makubwa. Namba zilikuwa zimerefuka mno, na Linux ilikuwa inaingia muongo wake wa tatu. Programu zilizozoea kuona 2.6 zikakwama. Wataalamu wakaweka njia ya kukifanya kiini kizijibu programu hizo kuwa chenyewe ni 2.6.40, toleo ambalo Torvalds hakupata kulitoa!

Ukiwa kwenye Linux, amri ya uname -r hukupa namba ya kiini peke yake. Kujua ni Linux ya aina gani, Ubuntu, Debian au Fedora, andika cat /etc/os-release. Kwangu mimi, Ubuntu ndio waliolipatia jambo hili la namba: 24.04 maana yake mwaka 2024, mwezi wa nne. Toleo moja la mwaka 2006 lilipangiwa Aprili, likachelewa hadi Juni, nao wakaliandika 6.06 bila kuficha. Hata jina lenyewe si geni kwetu: ubuntu ni neno la Kibantu la kusini mwa Afrika, shina moja na utu wetu.

Kwenye Mac amri ni sw_vers. Usishangae ukikuta 26: mwaka 2025 Apple waliruka kutoka 15 hadi hapo, ili namba ifuatane na mwaka unaofuata, 2026.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wamesitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, kwa hiyo kuzitofautisha 10 na 11 si jambo dogo tena. Ukimpigia fundi simu, usiishie kwenye 10.0. Msomee namba yote, hadi tarakimu ya mwisho.