Injini kuukuu ikigoma, chunguza cheche kwanza

INJINI kuukuu ya petroli inapokataa kuwaka, wengi huizungusha hendeli hadi wakachoka, kisha wakaiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Aghalabu uamuzi huo huwa wa pupa. Yamkini pistoni na silinda ni nzima, ila cheche haipatikani au huja wakati usiofaa.

Mfano mwafaka ni Lister D, injini ya silinda moja iliyotengenezwa mjini Dursley, Uingereza, kuanzia 1926 hadi 1964. Ilikuwa na nguvu-farasi moja unusu kwa mizunguko 700 kwa dakika, na ilitumiwa mashambani kuvuta maji na kuendesha mashine ndogo ndogo. Isichanganywe na injini za dizeli za jina hilo ambazo zinafahamika humu nchini kwa kusaga mahindi. Injini ya dizeli haina plagi. Mafuta yake huwashwa na joto la hewa iliyoshindiliwa.

Lister D haihitaji betri. Cheche hutokana na magneto, kifaa chenye sumaku na koili. Ndani yake mna pointi mbili zinazogusana na kuachana. Zinapoachana, mkondo wa umeme hukatika ghafla, volteji hupanda mno na cheche huruka kwenye plagi.

Hatua ya kwanza basi ni kufungua plagi, kuisafisha, kuirudisha kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma cha injini. Sharti iwe mbali na tundu lake, kwani mvuke wa petroli waweza kulipuka. Injini ikizungushwa, cheche nzito ya buluu ni ishara njema. Ikiwa hafifu au haionekani, plagi nyingine ijaribiwe kabla ya magneto kuguswa. Waya usiachwe ukining'inia hewani injini ikizungushwa, maana umeme uliokosa njia waweza kuharibu koili.

Plagi mpya isipofaa kitu, pointi zikaguliwe. Injini iliyokaa ghalani miaka mingi hupata utando mwembamba juu ya pointi, na utando huo hutosha kuzuia umeme. Husuguliwa kwa msasa laini, kisha hupanguswa kwa kitambaa kisicho na mafuta. Katika magneto nyingi za aina hii, nafasi baina ya pointi zilizo wazi kabisa huwa kati ya milimita 0.3 na 0.4. Pointi zikiungua upesi baada ya kusafishwa, yaelekea kondensa imeharibika.

Cheche ikiwa nzuri na injini bado inagoma, huo ndio wasaa wa kuchunguza majira yake, yaani taimingi. Kosa la kawaida hutokea magneto inaporudishwa baada ya matengenezo. Pistoni hufika juu mara mbili katika kila duru ya kazi: mara moja ikishindilia mchanganyiko wa hewa na petroli, na mara nyingine ikitoa moshi. Fundi akikosea, cheche hutokea wakati wa moshi na injini haiwaki kamwe.

Ili kuhakikisha, injini huzungushwa polepole kuelekea upande wake wa kawaida. Vali ya kuingizia ikishafunga, pistoni inayopanda ndiyo inayoshindilia. Karatasi nyembamba ikibanwa kati ya pointi, italegea pale zinapoanza kuachana. Hilo lapasa kutukia kidogo kabla ya pistoni kufika juu, kwa kufuata alama za gurudumu kubwa au kitabu cha mtengenezaji. Baadhi ya magneto zina springi ya kuchelewesha cheche wakati wa kuwasha. Kwa hizo, mlio wa springi husikika pistoni ikiwa imefika juu au imepita kidogo.

Dalili ya mvua ni mawingu. Cheche ikichelewa, injini hupata joto jingi, hukosa nguvu na bomba la moshi hutoa milipuko. Ikiwahi mno, injini hugonga, na hendeli yaweza kurudi nyuma kwa kishindo.

Kurudi huko kumewavunja watu mikono. Kwa hivyo, kidole gumba kiwekwe upande mmoja na vidole vingine, na hendeli ivutwe kuelekea juu, isisukumwe chini. Maadamu majira ya cheche hayajathibitishwa, hakuna haja ya kuizungusha kwa nguvu.