Mtoko wa Boom, Fidla na Kijana wa Narung'ombe

Msomaji, hebu jiulize: mara ya mwisho wewe na mwenzi wako kutoka kwenda kusikiliza muziki mkiwa mmekaa kimya ilikuwa lini? Si kucheza, si kunywa. Kukaa na kusikiliza tu. Kama huna jibu usijali, hata mimi nisingekuwa nalo kama si boom la mwaka 2009.

Tulikuwa wanafunzi 14 wa mwaka wa pili, Dar es Salaam. Mhadhiri mmoja alitukera darasani: Mjerumani ana Beethoven wake, ninyi muziki wenu wa klasiki mnaujua? Kimya. Tukachangishana, na Jumamosi moja asubuhi tukapanda boti ya Unguja. Karibu saa mbili majini. Nusu yetu tulitapika, tuyaache hayo.

Nilikuwa na mpenzi wangu, na kusema kweli penzi lilikuwa ukingoni. Miezi minane pamoja, hajawahi kunitajia kijiji chao. "Natokea Lindi," basi. Ukimbana anazuga. Mimi nilishaamini ana mke huko.

Tulianzia Beit al-Ajaib, wakati huo ikiwa makumbusho (sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na kila nikipita roho inaniuma). Kisha maduka ya picha. Muuzaji akatusifia Tingatinga kuwa ni sanaa ya Kizanzibari. Mpenzi wangu, mtu asiyependa kubishana, akamkatiza: "Huyu bwana ni wa kwetu Kusini." Akaeleza kwamba Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, akaja Dar kutafuta maisha, akaanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mwizi. Wenzangu walisikia habari za Tingatinga. Mimi nilisikia "kwetu".

Mchana tukaenda Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki kilichofunguliwa 2002, siku hizo kikiwa kwenye jengo la Forodha ya zamani pale Mizingani. Mwalimu alituwekea kanuni mezani: nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa sauti moja, na vichuma vidogo pembeni vya kupandisha na kushusha sauti hata kwa robo. Nilidhani fidla ni ya Wazungu mpaka nilipoisikia ikilia pamoja na udi. Mwili ulinisisimka, sitanii.

Akatusimulia. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, inasemekana alimtuma Mohamed bin Ibrahim mpaka Cairo kujifunza kanuni. Mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Lakini taarabu hii ya kasri, iliyoimbwa kwa Kiarabu, ilishushwa kwa watu wa kawaida kwa Kiswahili na Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu. Mjini walimcheka kwa ushamba wake. Mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na waliomcheka wakazinunua.

Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa ameinama.

Kwenye boti ya kurudi ndipo aliposema. Kwao ni Narung'ombe, wilaya ya Ruangwa. Ufuta, korosho, na bibi yake ndiye anayesikilizwa kwenye ngoma za unyago. Mwaka wa kwanza alipowatajia wenzake wa bwenini wakambatiza "Machinga", na muhula mzima hakuitwa jina lake. Akaamua kusema Lindi tu. Hakukuwa na mke wowote. Nililia, halafu nikamkasirikia: mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwita hivyo!

Julai tulikwenda. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, kilikuwa bado hakina lami, nikafika mwekundu kama tofali. Nilijiandaa kumuuliza bibi habari za ngoma. Niliona sasa najua muziki. Yeye akaniuliza swali moja tu: unajua kupepeta ufuta?

Sijui, bibi.

Akanipa ungo.