Chungu cha Jirani Penye Matanga

Katika wadi ya Kiogoro, iliyo kwenye eneobunge la Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii, mfiwa haachwi peke yake na huzuni yake, kwa kuwa majirani humletea kuni, maji na ndizi kabla kaburi halijachimbwa. Desturi hiyo inafanana sana na risaga, yaani ushirika wa majirani ambao Abagusii, wenyeji wa Kisii, waliutumia tangu zamani kulimiana mashamba, mwenye shamba akiwakirimu wenzake kwa chakula na pombe ya wimbi. Chakula cha matanga nacho kina lake la kusema: chinsaga, mboga ambayo kwingine huitwa mgagani, huchemshwa kwa muda mrefu na kutiwa maziwa ili uchungu upungue, kisha huliwa kwa obokima, ugali wa wimbi wenye rangi ya udongo, ambao mfiwa na waliomjia huumega pamoja, na mara nyingi (wageni hushangaa) kicheko husikika hapo hapo. Mwaka 2020, serikali ya Kenya ilipoweka kikomo cha watu 15 mazikoni kwa sababu ya UVIKO-19, kwa jamii iliyozoea kuomboleza kwa wingi sharti hilo lilikuwa msiba juu ya msiba.