Usukani Unapolegea: Sayansi ya Kujenga Simyuleta ya Mbio Nyumbani

Dereva aliyezoea barabara za udongo anaijua dalili hii. Mvua imenyesha, anaingia kwenye kona, na ghafla usukani unakuwa mwepesi mikononi. Gari bado halijaserereka, ila mikono imeshapata habari. Anaachia mafuta kidogo, gari linatulia, safari inaendelea. Ukimuuliza amejuaje, atakwambia amehisi tu.

Kuhisi huko kuna maelezo ya kifizikia. Maelezo hayo ndiyo yanayomwezesha kijana wa leo kukaa chumbani kwake, Mwanza au Nakuru, akajifunza kuliendesha gari la mashindano kwa namna ambayo zamani ilidai gari lenyewe, uwanja wenyewe na fedha za kuteketeza matairi.

Tuanze na tairi. Sehemu yake inayogusa barabara ni ndogo, kama kiganja cha mkono. Unapokata usukani, mpira unaoingia mbele ya kiganja hicho huwa bado umenyooka. Kadiri unavyosogea kwenda nyuma ndivyo lami inavyouvuta pembeni zaidi. Kwa hiyo nguvu inayolipeleka gari kwenye kona hukaa nyuma kidogo ya kitovu cha kiganja, na kwa kukaa huko hujaribu kulirudisha gurudumu linyooke. Huo ndio uzito unaousikia kwenye usukani, na ni sababu mojawapo ya usukani kujirudia wenyewe ukimaliza kona.

Sasa zidisha kukata. Mpira wa nyuma ya kiganja unaanza kuteleza, nguvu inahamia mbele kuelekea katikati. Tairi bado linashika, tena linazidi kushika, lakini uzito wa usukani umeshaanza kupungua. Maana yake ni kwamba usukani hulegea kabla tairi halijafikia kikomo chake. Maumbile ya mpira yamempa dereva onyo linalotangulia hatari, na onyo hilo linamfikia kwa njia ya mikono.

Aliyetuwezesha kuliandika jambo hili kwa hesabu ni Hans Pacejka, mhandisi wa Uholanzi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft na kulichunguza tairi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mwaka 1987 yeye na wenzake, kwa kushirikiana na Volvo, walichapisha fomula iliyokuja kuitwa ya maajabu. Iliitwa hivyo kwa sababu haikuchimbuliwa kutoka nadharia ya mpira. Iliundwa ili ifuate vipimo vya maabara, na ikavifuata kwa usahihi wa kushangaza. Ipe uzito uliolikalia tairi na pembe ya kuteleza (tofauti kati ya upande tairi linakoelekea na upande linakokwenda), nayo itakupa nguvu ya pembeni pamoja na nguvu ya kuurudisha usukani. Baadhi ya programu za simyuleta hutumia fomula hiyo au jamaa zake. Nyingine zimejitungia hesabu zake. Kasi ya kazi hiyo ni kubwa: programu ya Assetto Corsa hupiga hesabu za gari mara 333 kwa sekunde, ile ya iRacing mara 360.

Matokeo ya hesabu hizo hupelekwa kwenye mota ya umeme iliyofichwa nyuma ya usukani wa mezani. Katika usukani wa bei nafuu, mota ndogo huuzungusha mhimili kwa gia, na nguvu yake ni kama nyutoni-mita 2. Katika ule wa bei kubwa, usukani umefungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota, na nguvu huanzia nyutoni-mita chache na kupanda hadi zaidi ya 20. Wanunuzi wengi hutazama tarakimu hizo tu, kumbe kinachofundisha ni tofauti kati ya uzito na wepesi. Mtu akinunua usukani mdogo kisha akapandisha nguvu hadi mwisho kwenye mipangilio, mota inagonga dari mapema: kona ya wastani na kona ya kufa na kupona zote zinakuwa na uzito uleule. Onyo limefutwa. Punguza nguvu mpaka uweze kuusikia usukani ukipanda uzito, kisha ukilegea. Usukani wa kawaida uliopangwa vizuri humfundisha dereva kuliko wa kifahari uliopangwa ovyo.

Baada ya mikono ni mguu. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwitaliano Camillo Golgi alieleza viungo vidogo vya hisia vilivyo pale msuli unapoungana na kano. Kazi yake ni kuupa mwili habari za nguvu msuli unayotoa. Breki ya gari la mashindano hutegemea hisia hiyo, kwa sababu pedali yake husogea kidogo sana. Kinachobadilika ni mkandamizo. Pedali nyingi za bei rahisi hupima umbali mguu uliosafiri, na hapo dereva hukariri mwendo ambao gari halisi halina.

Dawa yake ni pedali yenye kihisi cha uzito, kifaa kilekile kinachofanya kazi ndani ya mizani ya kidijitali ya buchani. Kinatokana na ugunduzi wa mwaka 1938 wa Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kwa njia yake: waya mwembamba uliogandishwa juu ya chuma hubadili ukinzani wake wa umeme chuma kinapopinda hata kidogo. Ukiwa na pedali hiyo, mguu hukariri nguvu badala ya mwendo.

Hapa kuna jambo la vitendo lisilokwepeka. Mguu ukisukuma kilo 40, kiti nacho kinasukumwa kilo 40 kurudi nyuma. Kiti cha ofisi chenye magurudumu kitakimbia hadi ukutani. Hakuna haja ya kuagiza fremu ng'ambo. Mafundi wa kuchomelea wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, wanaweza kukuundia fremu ya mabomba ya mraba, na kiti cha gari kutoka kwa wauza spea za mitumba kikafungwa juu yake kwa bolti. Mwambie fundi apime urefu wa miguu yako ukiwa umekaa: pedali ikikanyagwa hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo.

Kisha macho. Chukua futi ya fundi, upime upana wa skrini na umbali wake kutoka usoni. Skrini ya inchi 27 ina upana wa karibu sentimita 60. Ukikaa sentimita 60 mbele yake, inajaza nyuzi 53 za mtazamo wako. Ukikaa mita 1 na sentimita 20, inajaza 28 tu. Tarakimu hiyo ndiyo ya kuingiza kwenye programu inayopima mtazamo kwa upana. Ukidanganya kwa kuweka kubwa ili uone zaidi, kona zitaonekana mbali kuliko zilivyo na mwendo utaonekana mkali kuliko ulivyo, nawe utafunga breki mahali pasipo pake. Kusogeza skrini karibu hakugharimu kitu.

Kinachobaki ni sikio la ndani, lenye mifereji mitatu inayopima mizunguko ya kichwa na vijiwe vidogo vinavyopima mvuto na mwendo. Chumbani, macho yanasema tunakimbia, sikio linasema tumekaa. Ndiyo maana wengine huona kichefuchefu, hasa wakivaa miwani ya uhalisia pepe. Wakianza na dakika chache na kuacha mapema, wengi huzoea. Majukwaa yanayotikisa kiti yapo, lakini ni ya kununua mwisho.

Je, elimu hii huvuka hadi kwenye lami? Mwaka 2008 Nissan na PlayStation walianzisha GT Academy, wakiwasaka madereva miongoni mwa wachezaji wa mchezo wa mbio wa Gran Turismo. Mshindi wa kwanza, Mhispania Lucas Ordóñez, alimaliza wa pili katika daraja lake kwenye Saa 24 za Le Mans mwaka 2011. Jann Mardenborough wa Uingereza, mshindi wa 2011, alimaliza wa tatu katika daraja lake hapohapo miaka miwili baadaye. Walifundishwa pia kwenye magari halisi, lakini mlango ulifunguliwa na mchezo wa nyumbani.

Kwetu Safari Rally ilianza mwaka 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na rali hiyo imo katika mchezo wa EA Sports WRC wa 2023. Kijana wa Naivasha anayetazama magari yakipita kwenye vumbi anaweza kuanza kujifunza vumbi hilohilo. Gari la rali bado ni la wenye nacho, na wadhamini bado ni wachache. Kujifunza, hata hivyo, kumeshuka bei, na wenye vilabu vya mbio wa ukanda huu wana kila sababu ya kuweka simyuleta moja mahali ambapo vijana wasio na gari wataifikia, kisha watazame nani ana mikono.