Tuhamapo, Barua Zetu Zisiachwe Nyuma

Ofisi ikihamia mfumo mpya wa barua pepe, aghalabu wafanyakazi huarifiwa siku ya kuanza, wakapewa anwani mpya na neno la siri, na mambo yakaishia hapo. Ni nadra kusikia mtu akiuliza barua za miaka kumi zilizomo katika programu ya zamani zitahamishwaje. Katika chuo kimoja humu nchini nimewaona wenzangu wakizifungua barua hizo moja moja na kuzichapisha kwenye karatasi, kana kwamba tarakilishi haijavumbuliwa!

Chanzo cha udhia huu ni kwamba kila programu ina desturi yake ya kuhifadhi. Mfumo wa Unix ulizoea kuzipanga barua za folda nzima katika faili moja ndefu ya maandishi matupu, utaratibu uitwao mbox. Mpaka baina ya barua na barua ni mstari unaoanza kwa neno la Kiingereza From na nafasi baada yake. Mwandishi akianza mstari wake kwa neno hilo hilo, programu nyingi hulitilia alama ya > mbele yake, isije ikadhaniwa kwamba barua nyingine imeanza. Kiswahili, kwa bahati njema, kimesalimika na balaa hilo. Eudora, aliyoiandika Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1988, ilifuata njia inayokaribiana sana na hiyo, na ndiyo maana barua zake zasomeka hata leo ilhali programu yenyewe ilikwisha kuachwa. Outlook ya Microsoft, kwa upande wake, hufungia barua, anwani na miadi katika faili ya pst, ambayo ukiifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia huambulii kitu.

Hata maandishi matupu yana mitego yake. Katika jedwali la herufi la Windows kwa lugha za Ulaya Magharibi, ritifaa iliyopinda ni nambari 146. Katika Macintosh za zamani nambari iyo hiyo ni herufi í. Barua ikihamishwa bila nambari zake kufasiriwa, ng'ombe huwa ngíombe, na ng'ambo huwa ngíambo. Waandikao Kikuyu na Kikamba walidhurika zaidi, kwani ĩ na ũ hazimo katika jedwali lolote kati ya hayo mawili; walisubiri mpaka Unicode ilipoenea.

Yamkini wapo watakaosema kwamba barua kuukuu ni takataka. Sikubaliani nao. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor walijishughulisha kuzikusanya. Atakayetaka kujua Wakenya walivyoandikiana mwishoni mwa karne ya 20, kwa Kiswahili chao na uchanganyaji wao wa ndimi, atazitafuta barua hizi, kila moja ikiwa na tarehe na saa yake.

Maadamu masanduku yote mawili yanatumia IMAP, kazi si ngumu: yafunguliwe pamoja katika programu moja, kwa mfano Thunderbird, kisha folda zivutwe kutoka hili hadi lile. Wenye kutumia POP wajihadhari, kwani huenda barua zao zimo katika tarakilishi moja tu iliyo mezani.

Fauka ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 38, inampa mtu haki ya kupokea data imhusuyo katika muundo unaotumika sana na unaosomeka na mashine. Basi wakuu wa vyuo na idara waliandike sharti hilo katika zabuni. Kila mfanyakazi akabidhiwe nakala ya mbox kabla ya siku ya kuhama, azihesabu barua folda kwa folda, alinganishe na zilizofika upande wa pili, ndipo sanduku la zamani lifungwe.