Ensaiklopidia ya Mambo Yasiyokuwako

Ensaiklopidia, au kamusi elezo kama wengine waitavyo, hukusanya maarifa juu ya vitu vilivyoko: milima, magonjwa, madini, wafalme. Je, yawezekana kuandika ensaiklopidia ya nchi isiyokuwako, ambayo wafalme wake hawakupata kuzaliwa? Yawezekana. Zimekwisha andikwa nyingi, tena na wapenzi wa riwaya wasiolipwa hata senti moja.

Chombo kilichorahisisha kazi hiyo kilizinduliwa tarehe 25 Machi 1995, pale Ward Cunningham, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alipofungua katika intaneti kurasa ambazo msomaji yeyote aliweza kuzihariri. Aliziita wiki, neno la Kihawaii lenye maana ya "haraka", alilolikuta kwenye mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu. Wikipedia ilianza mwaka 2001 kwa njia hiyo hiyo, na mashabiki wa riwaya hawakukawia kuiga.

Tuchukue mfano wa riwaya za George R. R. Martin ziitwazo A Song of Ice and Fire. Ya kwanza ilitolewa mwaka 1996 na ya tano mwaka 2011, na wahusika wake ni mamia kwa mamia. Katika wiki ya riwaya hizo, kila jambo linaloandikwa hutakiwa kuonyesha kitabu na sura lilikotoka. Mathalani, binti wa kifalme Daenerys alizaliwa mwaka gani? Sura inayomtambulisha haitaji mwaka. Yaeleza tu kwamba ana umri wa miaka 13, na kwamba alizaliwa miezi tisa baada ya mama yake kukimbilia kisiwani. Mhariri hana budi kuutafuta kwingineko mwaka wa vita vilivyosababisha kukimbia huko, kisha apige hesabu. Isitoshe, kila sura husimuliwa kwa macho ya mhusika mmoja, na mhusika aweza kusema uongo au kurudia uvumi. Kwa hiyo mhariri makini hutenga lililotokea na lililosemwa tu kuwa limetokea. Huo ndio uchunguzi wa ushahidi aufanyao mwanahistoria, ila hapa nyaraka zote zimetoka katika kichwa cha mtu mmoja.

Na mtu huyo naye husahau. Martin amekiri kwamba farasi mmoja alibadilika jinsia kati ya kitabu na kitabu. Alipokuwa akiandika alizoea kumwuliza Elio García, shabiki aishiye Sweden ambaye pamoja na Linda Antonsson alianzisha tovuti inayoihifadhi wiki hiyo. Mwaka 2014 watatu hao walitoa kitabu cha historia ya ulimwengu huo wa kubuni.

Lakini ujirani huu hauna amani siku zote. Mwaka 2000 Steve Vander Ark, mkutubi wa shule huko Marekani, alianzisha tovuti ya marejeo ya riwaya za Harry Potter, akisaidiwa na wahariri wenzake. J. K. Rowling mwenyewe aliisifu, na akasimulia kwamba alipata kuingia katika mkahawa wa intaneti ili kuhakikisha humo jambo fulani la vitabu vyake. Mambo yaligeuka mwaka 2007, shirika moja la uchapishaji lilipotangaza kuitoa kazi hiyo kama kitabu cha kuuzwa. Rowling alikwenda mahakamani New York.

Hukumu ilitolewa tarehe 8 Septemba 2008. Jaji Robert Patterson alisema kwamba vitabu vya marejeo vina manufaa kwa wasomaji, na mtunzi hana haki ya kuvizuia kwa sababu tu vinahusu kazi yake. Hata hivyo aliona kwamba hiki kilichukua mno maneno ya Rowling yenyewe, hasa kutoka vitabu vyake viwili vidogo ambavyo navyo vimeandikwa kwa mtindo wa marejeo. Akazuia kisichapishwe, na akaamuru fidia ya dola 6,750, yaani dola 750 kwa kila kitabu kati ya vitabu tisa.

Kwa maoni yetu mpaka huo uliwekwa mahali pake: kusema kwamba mchawi fulani ana fimbo ya aina fulani ni kutoa habari, bali kunakili aya iliyoielezea ni kuchukua jasho la mwenzio. Waandishi walirudi kazini, wakayaandika maelezo upya na kuongeza ufafanuzi wao wenyewe. Kitabu kilichorekebishwa kilitolewa Januari 2009.